Ndege bila cheti: Subira ya mwenye hisa ihesabiwe kwa hatua

MFANYABIASHARA wa maharage wa Kasulu aliyewahi kukodi lori, akalipakia gunia kwa gunia, kisha likalala siku tatu kwa sababu kibali hakijatoka, hahitaji kufundishwa gharama ya kusubiri. Mwenye lori anadai fedha yake ya siku. Dereva na utingo wanataka kula. Mlinzi wa usiku naye yumo, na mvua ikinyesha turubai likavuja, hasara inakuwa ya pande mbili. Hakuna kilo hata moja iliyouzwa, lakini mfuko umeshatoboka.

Shirika jipya la ndege linalosubiri cheti cha kuruka ni lori hilo hilo. Tofauti ni kwamba kodi yake hulipwa kwa dola, na siku zake za kulala hazihesabiwi kwa tatu bali kwa miezi, wakati mwingine kwa miaka. Aliyeweka fedha zake humo huambiwa neno moja tu: subira. Swali linalopaswa kuulizwa, na ambalo huulizwa kwa kuchelewa, ni subira ya namna gani, na kwa kipimo kipi.

Ni kweli mkulima wa Kibondo ana mambo mengi ya kumshughulisha kabla hajafika kwenye ndege. Mahindi, maharage na mihogo ya nyanda za juu za Kigoma havipandi ndege na havitapanda. Uzito wake ni mkubwa, bei yake kwa kilo ni ndogo, na anayesema vinginevyo anatafuta kura au anatafuta fedha. Kinachoweza kulipa nauli ya anga ni kitu chepesi chenye thamani: sampuli ya kahawa inayotakiwa kumfikia mnunuzi mapema, asali iliyofungashwa vizuri, kipuri cha mashine ya kukoboa kinachosubiriwa na kijiji kizima. Yupo pia mgonjwa mwenye rufaa ya Bugando au Muhimbili. Kutoka Kigoma mjini hadi Dar es Salaam kwa reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200, na mtu wa Kibondo lazima kwanza ashuke hadi Kigoma kupitia Kasulu.

Kwa hiyo ndege ina nafasi yake, ingawa ni ndogo kuliko inavyosemwa kwenye mikutano. Sababu kubwa zaidi ya kulijadili jambo hili ni kwamba wananchi wa huku tayari ni wawekezaji wa ndege, wapende wasipende. Kampuni ya Ndege Tanzania, ATCL, ni mali ya umma, na kila anayelipa kodi kwenye sukari, sabuni na vocha ya simu ameweka senti yake humo. Hesabu zilizokaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu za mwaka 2022/23 zilionyesha hasara ya shilingi bilioni 56.64. Isitoshe, kila msimu wa malipo vyama vya ushirika na SACCOS hufuatwa na watu wenye makabrasha yenye picha nzuri, wakitaka akiba ya wanachama iingizwe kwenye biashara ya kisasa. Leo ni kiwanda, kesho ni ndege.

Kabla ya kuhukumu kama kusubiri ni sawa au si sawa, ni muhimu kujua kinachosubiriwa. Nchini Tanzania shirika la ndege huhitaji ruhusa mbili kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Ya kwanza ni leseni ya kufanya biashara ya usafiri wa anga, ambayo hutazama zaidi umiliki na uwezo wa fedha. Ya pili ndiyo nzito: cheti cha uendeshaji wa ndege, kinachothibitisha kwamba kampuni inaweza kuruka kwa usalama. Bila hicho cha pili, ndege inaweza kupakwa rangi, kupigwa picha na kubarikiwa na viongozi wa dini zote, lakini haibebi abiria wa kulipa nauli hata mmoja.

Utaratibu wa cheti hicho unafuata mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, na una hatua tano zinazofanana karibu kila nchi. Kampuni huanza kwa mazungumzo ya awali na mamlaka, kisha huwasilisha maombi rasmi. Hatua ya tatu ni kukaguliwa kwa maandishi: vitabu vya uendeshaji, vya matengenezo, vya mafunzo ya marubani na wahudumu, mikataba ya karakana na bima. Hapa ndipo makampuni mengi hukwama, maana vitabu hurudishwa, vikarekebishwa, vikarudishwa tena. Ya nne ni vitendo, ambapo wakaguzi hutaka kuona abiria wanavyotolewa ndani ya ndege kwa dharura, na ndege huruka safari za majaribio bila abiria. Ya tano ni kutolewa kwa cheti chenyewe.

Ugumu wa kifedha ni kwamba hatua ya nne haiwezekani bila ndege, marubani na mafundi kuwepo. Kampuni hailazimiki kuwa na ndege siku ya kwanza, lakini lazima iwe nayo kabla ya kumaliza. Hivyo kuna kipindi ambacho mishahara, kodi ya ndege, bima, maegesho na mafunzo vyote vinalipwa, na mapato ni sifuri. Meneja mzuri hukifupisha kipindi hicho kwa kuchelewesha ndege mpaka vitabu vipite. Meneja anayependa sherehe huleta ndege mapema, watu wapige vigelegele, halafu wenye hisa walipie vigelegele hivyo kila mwezi.

Wapo walioona njia ya mkato. Mwaka 2012 kampuni iliyokuja kuitwa fastjet, iliyoorodheshwa katika soko la hisa London, ilinunua biashara ya Fly540 ambayo tayari ilikuwa ikiruka Tanzania na nchi nyingine za Afrika. Badala ya kuanza foleni upya, iliingia kupitia mlango uliokwisha kufunguliwa, na Novemba 29, 2012 ndege zake aina ya Airbus A319 zikaanza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Nauli za kuanzia zilitangazwa kuwa shilingi 32,000 kabla ya kodi, na watu ambao hawakuwahi kupanda ndege walipanda. Kwa abiria ilikuwa neema.

Kwa wenye hisa ilikuwa hadithi nyingine. Cheti kilikuwapo, ila faida haikuwapo. Kampuni mama ilipata hasara ya mamilioni ya dola mwaka hadi mwaka na ikarudi kwa wawekezaji kuomba tena na tena. Mwaka 2015 pekee ilichangisha pauni milioni 50 kwa mkupuo. Mwaka 2018 iliuza hisa zake za Tanzania, na Desemba mwaka huo TCAA ikatoa notisi ya kusudio la kuifutia leseni kampuni ya hapa nchini. Safari zikasimama na waliokwisha kukata tiketi za sikukuu wakabaki na karatasi. Aliyefikiri kwamba tatizo la shirika la ndege ni cheti tu alijifunza kwamba cheti ni mlango wa nyumba, wala si nyumba.

Jirani zetu wa Uganda walichagua foleni. Shirika lao la zamani lilikufa mwaka 2001, na lilipofufuliwa, ndege mbili za kwanza aina ya CRJ900 zilitua Entebbe Aprili 2019. Cheti kilitoka Julai, na abiria wa kwanza wakabebwa mwishoni mwa Agosti. Miezi minne ya ndege kukaa chini si mingi kwa biashara hii, ingawa waandishi wa magazeti ya huko walikuwa wameshaanza kuhesabu siku. Kisa kizito zaidi kilikuja baadaye. Ndege kubwa mbili aina ya Airbus A330-800 zilifika Desemba 2020 na Februari 2021, na ilibidi cheti kilekile kipanuliwe kwa ajili yake. Safari ya Dubai ilianza Oktoba 2021. Ugonjwa wa Uviko-19 ulichangia, hakuna ubishi, lakini ndege zenye thamani ya mamilioni ya dola zilikaa uwanjani miezi, na aliyelipia ukaaji huo ni mlipa kodi wa Uganda, ambaye hakuwa na hisa za kuuza wala mkutano wa kuhudhuria.

Mfano unaopaswa kuwekwa mezani katika kila chama cha ushirika uko mbali zaidi, Marekani. Mwaka 1989 ilianzishwa New York kampuni iliyoitwa Baltia Air Lines, ikiwa na nia ya kuruka hadi Leningrad, mji ambao baadaye ulirudia jina la St. Petersburg. Kampuni hiyo ilitafuta cheti kwa miaka na miaka. Ilinunua Boeing 747 kuukuu. Iliuza hisa kwa bei ya senti chache, na idadi ya hisa hizo ikafika mabilioni. Kila mara cheti kilikuwa karibu. Ilibadili jina ikaitwa USGlobal Airways, na mpaka inafifia, karibu miaka 30 tangu ianzishwe, haikuwa imebeba abiria hata mmoja wa kulipa nauli.

Kisa hiki hakipaswi kuchekwa. Walionunua hisa hizo walikuwa watu wa kawaida ambao hawakuwa wajinga kuliko watu wengine, na kwa kweli walikuwa na sifa ambayo wakulima husifiwa nayo, yaani uvumilivu. Walichokosa ni kitu cha kuupimia. Kampuni ilipoishiwa fedha ilichapisha hisa mpya, na kila hisa mpya ilipunguza fungu la mwenye hisa ya zamani. Ni kama kugawa mbuzi mmoja kwa watu kumi, kisha kualika wengine mia wakati nyama ingali jikoni. Aliyekuwa na fungu alibaki na mchuzi, na mchuzi wenyewe haukuiva.

Tanzania haina haja ya kwenda New York kutafuta maumivu ya aina hii. Mwaka 2009 Serikali iliposimamisha DECI, maelfu ya watu wa vipato vya chini waliokuwa wamepanda mbegu walikuwa bado wanasubiri mavuno. Shirika la ndege lenye maombi ya kweli mbele ya TCAA si upatu, na haifai kulifananisha nalo kwa uonevu. Hata hivyo, mbele ya mtu anayesubiri bila taarifa, vitu hivyo viwili hufanana sana.

Kuna hoja ambayo wenye makampuni hupenda kuitoa, kwamba mamlaka ni wagumu mno, wakaguzi ni wachache, na mtaji unateketea kwa sababu ya urasimu. Sehemu ya hoja hiyo ina ukweli. Wakaguzi wakiwa wachache faili hukaa mezani, na siku za faili kukaa mezani hulipwa na mwenye hisa. Lakini dawa yake ni wakaguzi zaidi, wala si ukaguzi mwepesi. Desemba 2008 TCAA iliinyang'anya ATCL cheti chake kwa upungufu uliobainika, na ndege za taifa zikakaa chini mpaka mwezi uliofuata. Wengi walilalamika kwamba taifa limeaibishwa. Aprili 9, 2012 ndege ya ATCL aina ya Dash 8 ilipata ajali ikijaribu kuruka uwanja wa Kigoma, na kwa rehema za Mungu hakuna aliyekufa. Watu wa Kasulu wenye ndugu waliokuwa wakisafiri siku zile hawahitaji kuelezwa kwa nini mkaguzi analipwa mshahara.

Kuna na upande wa biashara. Cheti kina thamani kulingana na heshima ya aliyekitoa. Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyaweka katika orodha yake ya marufuku mashirika yote ya ndege yaliyopewa vyeti Tanzania, baada ya ATCL kutangulia kuingizwa Desemba 2024. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni upungufu wa wataalamu wenye sifa na usimamizi usiotosheleza kwa upande wa mamlaka yenyewe. Maana yake kwa mwekezaji ni nzito. Kampuni inaweza kufanya kila kitu sawasawa, ikasubiri, ikalipa, ikapata cheti, halafu siku moja thamani ya cheti hicho ikashuka kwa kosa ambalo si lake. Mkulima wa kahawa anakielewa kisa hiki haraka: gunia moja lenye mawe likipatikana kwenye shehena ya chama, kahawa ya wote hushushwa daraja.

Kwa hiyo anayetaka mamlaka ilegeze masharti ili mtaji wake upumue anajikata mguu mwenyewe. Anachopaswa kudai ni ratiba. Mamlaka iseme faili la aina hii linatakiwa kukaa siku ngapi katika kila hatua, na ikichelewa iseme kwa nini. Na kampuni nayo, kwa wenye hisa wake, iseme imefika hatua ya ngapi kati ya zile tano, vitabu vingapi vimepita na vingapi vimerudishwa. Hayo si siri za kijeshi. Kampuni inayokataa kuyasema na badala yake ikatoa picha ya ndege mpya iliyopakwa rangi imeshajibu swali.

Subira si jambo geni Kasulu. Mche wa kahawa huchukua takriban miaka mitatu kabla ya mavuno ya kwanza ya maana, na mkulima haupigi kelele. Anaingia shambani, anapalilia, anaona majani, anaona maua, anajua kama kutu ya majani imeingia. Mwaka wa pili ukipita bila dalili, anang'oa na kupanda mwingine. Mfugaji wa nyuki wa Kibondo hutundika mzinga na kusubiri, lakini hupita chini ya mti kusikiliza kama nyuki wameingia. Huyo huyo akiombwa shilingi milioni moja na kampuni ya mjini huwa anaona haya kuuliza, kwa kudhani kuuliza ni dalili ya kutoamini wasomi.

Jambo la kudai, kwa lugha nyepesi, ni fedha zitoke kwa mafungu. Chama kilichokubali kuweka shilingi milioni 50 kisizitoe siku moja. Fungu la kwanza litoke maombi rasmi yanapopokelewa na mamlaka, la pili vitabu vinapopita, na fungu kubwa libaki benki mpaka safari za majaribio zikubalike. Mwenye kampuni atasema mtaji wa namna hiyo haumfai. Huenda ni kweli, na katika hali hiyo atafute mwenye mfuko mnene zaidi kuliko chama cha wakulima wa maharage.

Tena kuna suala la kutoka. Kuingia kwenye hisa ni rahisi, kutoka ndiyo kazi. Precision Air ilipouza hisa zake kwa umma Oktoba 2011, kwa shilingi 475 kila moja, ilikuwa shirika linaloruka, lenye cheti, lenye abiria, na lenye Kenya Airways kama mbia. Hata hivyo mauzo hayo hayakufikia lengo, na miaka iliyofuata kampuni ikaingia kwenye hasara nzito. Hisa zake ziliorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa maana hiyo kulikuwa angalau na mahali pa kwenda kutafuta mnunuzi. Hisa za kampuni ambayo haijaruka na haijaorodheshwa hazina hata hapo. Mwenye nazo akiuguliwa na mtoto hawezi kuzipeleka sokoni Kasulu kama anavyopeleka debe la maharage.

Na kampuni inayouza hisa kwa umma inatakiwa kuwa na waraka wa matarajio uliopitishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Waraka huo una kurasa nyingi na lugha yake inachosha, lakini una sehemu inayoeleza hatari za biashara, na hiyo ndiyo ya kusomwa kwanza, kwa sauti, wanachama wakiwepo. Kama hakuna waraka, mazungumzo yanaishia hapo.

Msimu wa malipo unapofika na fedha za kahawa, tumbaku na maharage zikaingia kwenye akaunti za vyama, wenye makabrasha watapanda magari kuja Kasulu na Kibondo kama ilivyo kawaida yao. Jambo hilo lisimalizwe na bodi chumbani. Lipelekwe mkutano mkuu, na aliyekuja na kabrasha aulizwe mbele ya watu: kampuni iko hatua ya ngapi, kila mwezi wa kusubiri unagharimu shilingi ngapi, na fedha zilizopo zinatosha miezi mingapi kama cheti kitachelewa. Majibu yake yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, yakiwa na tarehe, na asaini yeye mwenyewe.